Masaji ya mjamzito: ukandwe nyumbani, kwa mkandaji, au kliniki ya fiziotherapia?

Mjamzito anayetafuta masaji hupokelewa na majina: ya Kiswidi, ya Kitai, ya mawe ya moto, ya misuli ya ndani, ya nyayo, ya kuondoa maji mwilini. Yamepangwa kama vyakula kwenye menyu, uchague kinachokuvutia. Kwa maoni yangu hapo si pa kuanzia. Anza na kinachokusumbua, iwe ni mgongo, nyonga, miguu iliyovimba, usingizi uliokukimbia au uchovu mtupu. Kisha jiulize nani atakugusa. Hayo mawili yakishajulikana, jina la masaji hubaki jambo dogo.

Lakini kabla ya kulinganisha chochote, kuna wanaopaswa kumwona daktari au mkunga kwanza.

Mimba huifanya damu igande upesi zaidi, ili mama asivuje sana siku ya kujifungua. Kinga hiyo ina upande wake mbaya: hatari ya kupata bonge la damu kwenye mishipa ya ndani ya mguu huwa mara 4 hadi 5 ya ile ya mwanamke wa umri huohuo asiye na mimba, na mara nyingi huwa mguu wa kushoto. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto, ukauma kwenye shavu la mguu hasa unapotembea, usimruhusu mtu auchue. Bonge likichomoka linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa dalili za kifafa cha mimba: presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, kichwa kinachouma bila kukoma, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla. Mtu mwenye dalili hizi akienda kukandwa “apunguze msongo”, anapoteza saa ambazo alizihitaji kwingine. Ukiwa unatokwa damu, maji ya chupa yanavuja, una homa, umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au una historia ya kujifungua kabla ya wakati, ulizia kwanza. Huenda ukaruhusiwa kukandwa mabega na miguu tu, au usiruhusiwe kabisa.

Nani akukande

Uchaguzi mkubwa uko hapa. Kuna mtu wa nyumbani, kuna mkandaji anayelipwa, na kuna mtaalamu wa fiziotherapia. Watu huwapanga kwa ngazi, wakidhani wa nyumbani ni wa chini na wa kliniki ni wa juu. Ukweli ni kwamba kila mmoja ana kazi yake.

Mkono wa nyumbani, wa mume, dada, mama au rafiki, una faida moja ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuishinda: upo kila siku. Maumivu ya mgongo wa mimba hayaji mara moja kwa mwezi. Yanakuja jioni baada ya kusimama siku nzima, au saa nane za usiku unapojaribu kugeuka kitandani. Dakika 10 za kusuguliwa kiuno kwa kiganja kila jioni zitakusaidia kuliko saa moja ya kifahari ambayo athari yake imeisha kabla hujafika nyumbani. Tena ni rahisi kumwambia mwenzako “hapo hapana” kuliko kumwambia mtu uliyemlipa.

Udhaifu wake ni kwamba hajui mipaka. Kosa la kawaida la mwanamume mwenye nia njema ni kutumia vidole gumba na nguvu zote, akidhani masaji isiyouma haifanyi kazi. Mwambie atumie kiganja kizima, aweke mikono pembeni mwa uti wa mgongo na si juu ya mifupa yenyewe, apande taratibu kutoka kiunoni kwenda mabegani, ashuke kwa wepesi. Mabega, shingo, mikono, nyayo na sehemu bapa ya mfupa iliyo juu ya makalio anaweza kuzikanda bila wasiwasi. Tumbo aliguse kwa kupapasa tu. Shavu la mguu na upande wa ndani wa paja avipitie kwa mkono mwepesi, kwa sababu ya yale mabonge ya damu.

Mkandaji anayelipwa anazidi kwa vifaa, utulivu na mikono iliyozoea kazi. Hata hivyo usichanganye mkandaji anayekubali wajawazito na aliyesomea kuwakanda. Wa kwanza huwa anafanya masaji yake ileile kwa nguvu pungufu. Wa pili utamtambua hata kabla hujalala: ndiye anayekuhoji wewe. Atataka kujua mimba ina wiki ngapi, presha imekuwaje kliniki, ni mtoto mmoja au mapacha, kama umewahi kupata bonge la damu, kama unatokwa damu, na daktari wako alisema nini. Akikuambia panda kitandani bila kuuliza hata moja kati ya hayo, shuka. Sioni haja ya kumpa nafasi ya pili.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye watu wengi humkumbuka mwisho, na kwa baadhi ya maumivu alipaswa kuwa wa kwanza. Takriban mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu ya nyonga: yanachoma kwenye kinena au nyuma ya makalio unapopanda ngazi, unapogeuka kitandani, unapovaa suruali ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Hapa masaji hutuliza misuli inayojikaza kuilinda nyonga, halafu maumivu yanarudi, kwa kuwa shida iko kwenye jinsi maungio ya nyonga yanavyobeba uzito. Dawa yake hasa ni mazoezi maalumu, wakati mwingine mkanda wa nyonga, na kufundishwa kutoka kitandani au kwenye gari ukiwa umebana magoti. Nimeona wanawake wakizunguka kwa wakandaji watatu kabla mtu hajawaambia hilo.

Hali ni hiyohiyo kwa mikono inayokufa ganzi usiku. Mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono na uvimbe wa mimba. Kukandwa kunapendeza, lakini kifaa cha kunyoosha kifundo hicho wakati wa kulala kinasaidia zaidi.

Basi nikiulizwa nichague, nasema hivi. Uchovu, usingizi na mgongo wa kawaida: anza nyumbani, na ongeza mkandaji aliyesomea wajawazito ukiweza. Nyonga, kinena, maumivu yanayoshuka hadi mguuni, au ganzi: fiziotherapia kwanza, masaji iwe nyongeza. Na ikiwa mguu unakosa nguvu, huwezi kuzuia mkojo au choo, au sehemu za siri zimekufa ganzi, hiyo ni dharura ya hospitali.

Ulalaje

Kulala ubavu, kuegemea ukiwa umeketi, au meza yenye shimo la tumbo: hapa ushindani si mkubwa. Ubavu unashinda.

Kulala chali kunaanza kuleta shida nusu ya pili ya mimba, tuseme baada ya wiki ya 20. Mji wa mimba unakuwa mzito na kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili. Damu inayorudi ikipungua, presha inashuka, unapata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, na mtoto naye anapungukiwa. Dakika chache za kuchunguzwa tumbo kliniki si sawa na saa moja ya kukandwa.

Meza yenye shimo inavutia sana, nakiri. Mwanamke ambaye hajalala kifudifudi kwa miezi mitano akiiona anataka kulia. Tatizo ni kwamba shimo halikutengenezwa kwa kipimo cha tumbo lako. Likiwa kubwa, tumbo linaning'inia na kuvuta kano zinazoshikilia mji wa mimba, kiuno kinabonyea, na unaamka na maumivu mapya. Likiwa dogo, kingo zinabana. Matiti yanayouma nayo yanahitaji pa kukaa. Kama una hamu nayo, iwe kwa muda mfupi, na uwe na ruhusa ya kuamka mara moja.

Kulala ubavu kunahitaji mito tu: mmoja chini ya kichwa, mmoja kati ya magoti unaofika hadi vifundoni ili nyonga isipinde, mmoja mdogo chini ya tumbo, na wa kukumbatia mbele ili bega la juu lisianguke. Kushoto au kulia vyote vinafaa, na katikati ya kazi unageuka. Nyumbani hata mito haihitajiki: keti kwenye kiti ukiwa umekigeuzia kifua, egemea mgongo wa kiti, na mgongo wako wote uko wazi kwa mkandaji.

Aina za masaji

Masaji ya Kiswidi, ile ya mikono inayoteleza kwa mwendo mrefu na kukanda polepole, ndiyo msingi wa karibu kila masaji ya mjamzito. Ikifanywa kwa nguvu ya wastani, ndiyo ningeichagua bila kufikiri sana.

Masaji ya misuli ya ndani, inayotumia kiwiko na vidole gumba, inaweza kutumika kidogo kwenye mabega na makalio kwa mtu aliyeizoea. Isiguse miguu. Haina nafasi kiunoni kwa mjamzito ambaye kesho yake atalazimika kutembea. Ya Kitai inavuta na kupinda viungo, ilhali homoni za mimba zimekwisha kulegeza kano. Anayeifanya lazima awe amefunzwa kuibadilisha, la sivyo iache hadi baadaye.

Mawe ya moto na taulo ya uvuguvugu havilingani hata kama vyote ni joto. Taulo hupoa yenyewe na hukaa mahali padogo. Mawe hubeba joto jingi na mjamzito huchemka haraka. Joto la mwili mzima ndilo la kuogopwa zaidi, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa kupanda hadi nyuzi 39 za Selsiasi kunahusishwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Kwa hiyo sauna na maji ya moto sana yaondoe kwenye ratiba, hata kama yamo kwenye kifurushi ulicholipia.

Miguu iliyovimba ina masaji yake, ile nyepesi mno inayosukuma majimaji kutoka chini kwenda juu. Ikifanywa vizuri unaona tofauti, lakini kwa saa chache tu. Kuinua miguu, kuzungusha vifundo, kutembea na kuvaa soksi za kubana kunafanya kazi hiyohiyo kila siku bila miadi. Na mkakamao wa shavu la mguu usiku hautaki masaji kwanza: vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mpaka misuli iachie, ndipo usugue taratibu.

Masaji ya nyayo ina sifa mbili zinazopingana. Wengine wanadai inatibu kila kiungo, wengine wanaonya kwamba ukibonyeza karibu na kifundo unaanzisha uchungu. Utafiti kuhusu pointi za kubonyezwa ili kuleta uchungu haujaonyesha kwamba zina nguvu hiyo ya kutegemewa, hata kwa wanawake waliofikisha tarehe na kuutamani. Hata hivyo wakandaji wengi huiepuka pointi ya juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, na ile ya mkononi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, hadi wiki ya 37. Huna unachopoteza kwa kuwakubalia. Pointi ya ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu chini ya kiganja, hutumiwa dhidi ya kichefuchefu. Wapo inayowasaidia, wapo isiyowasaidia, na haina madhara.

Mashine ya mkononi inayogonga misuli ni ya mabega tu, kwa kasi ya chini. Kiti cha masaji kinachotikisa na kubana mwili mzima sikipendekezi. Hakisikii ukisema basi.

Miezi mitatu ya kwanza, au usubiri?

Wakandaji wengi hukataa mjamzito aliye chini ya wiki 12. Sababu yao hasa ni hofu ya lawama. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika kipindi hicho, na karibu nusu ya hizo ni kwa hitilafu za kromosomu zilizokuwapo tangu mwanzo. Hakuna ushahidi kwamba masaji nyepesi huharibu mimba. Lakini mwanamke aliyekandwa Jumanne akaanza kutokwa damu Alhamisi ataziunganisha siku hizo mbili maisha yake yote, na mkandaji naye atajiuliza.

Ushauri wangu: kama hofu hiyo ingekutesa, subiri. Kama hukujua una mimba ukakandwa, usijitese. Miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Mwishoni mwa mimba punguza muda hadi nusu saa au dakika 45, kojoa kabla ya kuanza, na ukimaliza keti kidogo kabla ya kusimama.

Mafuta

Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya zeituni au ya lozi yanatosha, yasiyo na manukato. Pua ya mjamzito haitabiriki, na harufu aliyoipenda mwaka jana inaweza kumtapisha leo. Mafuta makali ya mimea yaliyokamuliwa na kukolezwa yaachwe kama mkandaji hawezi kukueleza ni yapi na yamezimuliwa kiasi gani.

Dawa za kuchulia ni jambo jingine. Nyingi zina diklofenaki, ibuprofeni au salisilati, ambazo hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Dawa za kundi hilo zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto nusu ya pili ya mimba. Usichuliwe nazo bila kumwuliza daktari, hata kama tubu imekaa nyumbani miaka yote na kila mtu anaitumia.

Tumbo na msamba

Kupapasa tumbo kwa mafuta hakuna ubaya. Kulikanda ili kumgeuza mtoto aliyekaa matako ni hatari: kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikavujia ndani bila kuonekana, na kwa mama mwenye damu ya kundi hasi kuna hatari ya ziada damu ya mtoto ikichanganyika na yake. Linganisha na kinachofanyika hospitali. Daktari humgeuza mtoto kwa mikono pia, kuanzia wiki ya 36 au 37, lakini kwa kutazama altrasaundi, kupima mapigo ya moyo wa mtoto kabla na baada, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Hufanikiwa takriban nusu ya mara, na kama mama 1 kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka. Hiyo namba ya mwisho ndiyo hoja yangu yote: hata kwa mikono iliyofunzwa jambo linaweza kuharibika, na nyumbani hakuna chumba cha upasuaji.

Masaji ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, watu huiona aibu kuizungumza, ingawa ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi nilizotaja. Kuanzia wiki ya 34 au 35, mama mwenyewe au mwenzi wake huingiza vidole gumba safi vyenye mafuta sentimita 3 hadi 4 ukeni, akavuta taratibu kuelekea chini na pembeni kwa dakika chache, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa wanawake ambao hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida, tafiti zinaonyesha kwamba takriban 1 kati ya 15 wanaoifanya ataepuka jeraha la kushonwa. Kwa aliyekwisha kuzaa hivyo faida ni ndogo zaidi. Isifanywe ukiwa na maambukizi ukeni, unatokwa damu, kondo liko chini au chupa imepasuka.

Siku ya uchungu

Siku hiyo ulinganisho wote unageuka, na mkono wa nyumbani ndio unaobaki, kwa kuwa mkandaji hayupo na mkunga ana wagonjwa wengine. Saa za mwanzo, kusugua mgongo na mabega kati ya mikazo kunaweza kupunguza maumivu. Mkazo ukija, hasa kama maumivu yote yako mgongoni, kinachosaidia ni kusukuma kwa kiganja moja kwa moja kwenye mfupa bapa ulio juu ya makalio, kwa nguvu, bila kusugua, hadi mkazo uishe. Hapa nguvu ile iliyokatazwa miezi yote inaruhusiwa. Mama ndiye atakayesema zaidi au basi. Jifunzeni wiki ya 36 hivi, akiwa ameinama mezani, ili mwenzake ajue mahali penyewe.

Na akifika mahali anasema usiniguse, jambo linalotokea kwa wengi njia inapokaribia kufunguka yote, aondoe mkono bila kununa.